Sampler ndogo ya mabuye sita ilivyobeba ngoma ya Misa nzima hapa Kamembe

Wakuu, salamu kutoka Kamembe, Rusizi. Vijana, shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazitoa.

Mimi ni bibi. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo msinihesabie makosa. Kiswahili changu ni cha Bukavu na cha soko la Kamembe, mnivumilie. Lakini haya ninayoandika niliyafanya kwa vidole hivi hivi ninavyoandikia, na walioona wengine bado wanapumua. Nitawataja majina. Atakayesema bibi anadanganya, apande gari aje aulize.

Juzi mjukuu wangu Divine alinisomea uzi humu. Kijana mmoja amenunua sampler ya mkononi, ile mashine ya kubeba kwenye begi, inarekodi sauti na kuitoa tena ukibonyeza. Analalamika: memory ndogo, pad chache, sauti chafu, anataka kuiuza.

Nikamwambia Divine, lete hiyo simu.

Kwa sababu mimi, wakuu, nilikuwa na sampler yenye pad nane, ndivyo vitufe vya kubonyezea sauti. Nafasi yake yote, ukiijaza vizuri, haifiki dakika moja. Haina screen ya picha, ina namba mbili tu nyekundu. Na nikaibebesha Misa nzima ya sikukuu, kuanzia kuingia mpaka kutoka.

Kaeni chini.

Ilikuwa ile miaka baada ya mambo yetu mabaya hapa Rwanda, na Congo nayo ikawa inawaka. Leo Bukavu ina mkubwa huyu, kesho ina mkubwa yule. Sisi tuliokuwa tunauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, tulikuwa tunavuka daraja asubuhi bila kujua kama jioni litakuwa wazi.

Sampler ililetwa na Papa Roje. Alikuwa mpiga kinanda wa orchestre moja ya Bukavu. Vita ilipofika mtaani kwake akavuka mto na begi moja tu, na ndani ya begi hamkuwa na nguo. Mlikuwa na hiyo mashine na radio kaseti.

Alikaa kwangu wiki tano. Alilala chumba cha mbele, alikula tulichokula. Na kila siku mchana, nikirudi sokoni, alikuwa ananionyesha.

Mwanzoni nilikuwa nasikiliza kwa heshima tu. Kisha siku moja akarekodi kuku wangu, akabonyeza, kuku akalia ndani ya mashine. Akamshusha sauti, kuku akawa ng'ombe. Wakuu, pale nikakamatwa.

Maandishi ya juu ya mashine yalikuwa ya Kiingereza, na mimi Kiingereza sina. Kwa hiyo nilifanya hivi: kila pad nikaipa jina la muntu aliyetoa sauti. Sikusema pad namba moja, namba mbili. Nilisema Imakulata, Zayina, Gasipari. Juu ya kila moja nikatia tone la rangi ya kucha, rangi tofauti.

Ninyi vijana mna mafaili elfu moja yenye namba, mnashindwa kupata moja. Mimi majina hayanipotei. Namkumbuka hata muntu aliyenipimia chumvi siku ya harusi yangu. Anaitwa Sipriyani.

Papa Roje alinifundisha mambo mawili ambayo nawapa bure.

La kwanza: ngoma na makofi rekodi kwa ubora wa chini, nafasi inabaki nyingi, na uchafu kidogo unaifaa ngoma. Sauti ya muntu ndiyo uipe ubora wa juu.

La pili: usirekodi wimbo, rekodi mbegu ya wimbo. Pigo moja. Kofi moja. Ukipandisha linakuwa dogo, ukishusha linakuwa kubwa. Mbegu moja unavuna shamba.

Wiki ya sita akapata gari la kumpeleka mbele. Asubuhi ile begi lake lilikuwa jepesi. Akaniambia, "Maman Koleta, hii masini inabaki kwako. Mimi nitapata ingine. Weye uko na masikio."

Uko na masikio. Hayo maneno sijamwambia muntu mpaka leo, niliona haya kujisifu. Sasa nimezeeka, haya imeisha.

Nirudi kwenye mada.

Parokia yetu ilikuwa na kwaya ya bamama. Tulikuwa kumi na mmoja: Imakulata aliyetuongoza, mimi Koleta, Faida, Dative, Beata, Spesioza, Marita, Agineta, Yuditi, Filomena na Konsesa mdogo. Wanaume hawakuwemo. Wengine waliuawa, wengine walivuka mto na hawakurudi, wengine walikuwa wamefungwa. Hilo silifungui hapa. Ila mjue kwamba kati ya hao kumi na mmoja wapo waliomaliza zaidi ya mwaka bila kuimba hata jikoni. Imakulata aliwatoa ndani mmoja mmoja, kama unavyotoa kifaranga chini ya kitanda.

Ikakaribia sikukuu ya somo wa parokia, yule mtakatifu wetu. Tukaandika jina tuimbe. Ingekuwa mara yetu ya kwanza kusimama mbele ya watu.

Mkubwa wa kamati ya sikukuu alikuwa Papa Anasitazi. Muntu wa utaratibu, suruali imepigwa pasi mpaka unaweza kukatia kitunguu. Akatuita.

"Bamama, ngoma yenu iko wapi?"

Imakulata akasema, "Hatuna mupigaji, Papa."

"Basi hamuimbe. Matoleo haitembeake bila ngoma. Nitaita kwaya ingine."

"Tutapiga sisi wenyewe."

Akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Imakulata. Mwanamuke hagusaka ngoma. Kirazira. Unajua."

Kwa wasiojua, kirazira ni mwiko. Siku zile kwetu mwanamke hapigi ngoma, kama vile hapandi juu ya paa. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Mimi nikanyoosha kidole. "Papa Anasitazi, na butoni? Mwanamuke anagusaka butoni?"

"Butoni gani?"

"Butoni tu."

Akaangalia wenzake wa kamati. "Butoni haina kirazira."

Nikageuka. "Bamama, mumesikia?"

Wote wakajibu, "Tumesikia."

Pale nje Imakulata alinishika mkono kwa nguvu mpaka ukauma. Akasema, "Koleta, kama unacheza, sema sasa. Batano kati yetu, tukitolewa safari hii, sitabapata tena. Batarudi ndani na batafunga mulango."

Nikamwambia sichezi.

Mpiga ngoma mkubwa wa upande wetu alikuwa Mzee Gasipari. Alikuwa, nasema. Ile miaka mibaya walimvunja bega la kulia, mkono ukawa hauinuki kupita kifua. Ngoma yake ilitundikwa ukutani, na mirisho, zile fimbo mbili za kupigia, alitembea nazo ndani ya koti kama wengine wanavyotembea na rozari.

Nikapanda kilima kwake na mashine yangu kwenye kikapu.

"Mzee, naomba pigo."

"Ngapi?"

"Moja."

Akaniangalia. "Muntu amepanda hii kilima yote kuomba pigo moja?"

"Moja, Mzee. Lakini ikuwe nzuri."

Mkewe, Maman Veronika, akacheka mpaka akaweka chini mchele aliokuwa anachambua. Mzee akashusha ngoma, akaketi, akapiga kwa mkono wa kushoto. Nikasikiliza kwenye mashine. Nikasema si hiyo. Akapiga tena. Si hiyo. Mashine ikikaa karibu sauti inapasuka, ikikaa mbali inaingiza mbuzi wa jirani. Mwisho nikaiweka nyuma ya mlango, imeangalia ukuta. Pigo la tisa ndilo likawa lenyewe.

"Weye mwanamuke," Mzee akasema, "uko mubaya kuliko mwalimu wangu, na ule alikuwa ananichapa."

Nikambonyezea alisikie. Akasema, "Tena." Nikabonyeza. "Tena." Mara ya tatu akaangalia bega lake.

Nyumbani nikalifanyia pigo lile kazi. Nikaliacha moja kama lilivyo, hilo likawa ngoma ya kati. Nikanakili, nikashusha, likawa ngoma kubwa ya chini. Nikanakili tena, nikapandisha, nikakata mkia, likawa ile ndogo inayolia juu. Mkono mmoja wa mzee mgonjwa, ngoma tatu.

Pad ya nne alikaa Zayina. Huyu ni Mwislamu wa Bugarama, analima mpunga, kila Jumamosi analeta mchele Kamembe. Nilirekodi ungo wake akipepeta. Fikiria kayamba, lakini tamu zaidi. Pad zilizobaki ni makofi ya bamama na sauti ya Imakulata akianzisha.

Jumatano Mzee Gasipari akavuka kwenda Bukavu, binti yake amejifungua. Alhamisi tukafanya mazoezi, yakawa safi, Konsesa mdogo akacheza mpaka kiatu kikatoka.

Ijumaa nikaharibu kila kitu.

Wakuu, wangapi hapa mmekua na radio ya betri? Sisi betri tunaziita mabuye, yaani mawe. Na kila nyumba huku inajua: mabuye yakichoka unayatoa, unayapanga juu ya bati, jua linayapiga, jioni radio inaimba tena. Mama yangu alifanya hivyo. Hata padri alifanya hivyo.

Mashine yangu ilikula mabuye sita madogo. Yalianza kuchoka. Madogo yalikuwa hayapatikani Kamembe, yalitoka Bukavu. Kwa hiyo Ijumaa asubuhi, kama muntu mwenye akili, nikayatoa yote sita, nikayapanga juu ya bati, nikaenda sokoni. Nilijipongeza hata.

Saa saba nikarudi, nikayarudisha yakiwa na moto. Namba nyekundu zikawaka vizuri kabisa.

Nikabonyeza Gasipari. Kimya.

Nikabonyeza Zayina. Kimya.

Nikabonyeza Imakulata, ambaye hajawahi kunyamaza maisha yake yote. Kimya.

Mashine ile, wakuu, ilishika kumbukumbu kwa nguvu ya mabuye. Ukiyatoa yote, inasahau kila kitu. Papa Roje hakuniambia kwa sababu kwake ilikuwa imechomekwa kwenye umeme wa orchestre wakati wote. Na waya wake wa umeme ulibaki Bukavu.

Nilikaa chini kwenye mlango. Sikulia. Nilihesabu majina.

Makofi, bamama wapo. Imakulata yupo. Zayina kesho analeta mchele. Gasipari je?

Nikasimama niende darajani. Kabla sijafika barabara kubwa nikakutana na wachuuzi wanarudi mbio na vikapu vichwani. Upande wa pili risasi zimelia, daraja limefungwa.

Nikapanda kilima kwa Maman Veronika. Ngoma ilikuwa pale ukutani. Nikaiangalia, naye akaniangalia.

"Mirisho ametembea nayo," akasema. "Na ata kama ingekuwa hapa, Koleta. Nani ataipiga, mwenyewe akiwa haiko? Atarudi aone muntu amelala kwa kitanda yake."

Alisema kweli. Ngoma ya muntu haipigwi bila yeye kukupa mirisho kwa mkono wake. Na kwaya nyingine hazikuwa za kutuazima ngoma, ndizo zilisubiri nafasi yetu.

Nikateremka. Njia yangu inapita uani kwa Faida. Faida ni Mushi, kabila la upande wa Bukavu, aliolewa huku, tumeuza sambaza pamoja tangu meno yake yote yako kinywani. Alikuwa anatwanga sombe, kisamvu kwenu Tanzania.

Nilikuwa nimeinamisha kichwa, wala sikuwa nasikiliza. Miguu ndiyo iliyosikia. Ardhi ilikuwa inapiga chini ya viatu vyangu. Du. Du. Du.

"Faida! Acha!"

Akaacha.

"Hapana! Usiache!"

"Maman Koleta, jua imekupiga?"

Nikakimbia kuleta mashine. Nilipomweleza akashika kiuno. "Unirekodi mimi nikitwanga sombe? Sikukuu ya somo? Bantu batasema kwaya inanuka jikoni."

"Batasema hivyo wakijua."

"Na Papa Anasitazi?"

"Alisema butoni haina kirazira. Na kinu? Kuna mwanamuke amekatazwa kinu?"

Akafikiri. Akacheka. Akafunga kitenge upya, hivi, kama muntu anayekwenda kupigana.

Sasa sikilizeni, prodyuza wote.

Kinu kitupu kinatoa "ka!", kikavu, hakifai. Majani mabichi yakijaa, kinatoa "fu", hakina tumbo. Lakini sombe iliyotwangwa nusu, imeanza kutoa maji, inafunga mdomo wa kinu, na mchi ukishuka hewa inashikwa ndani. Hapo ndipo panapotoka "du" yenye uzito. Tuliitafuta ile nusu mpaka mchana wote ukaisha. Chini ya kinu tukatandika gunia. Mashine nikaiweka ndani ya nyumba, ndani ya sufuria tupu, imeangalia ukuta.

Nikashusha sauti hatua kwa hatua. Hatua ya kwanza, bado ni kinu. Ya pili, bado ni kinu. Ya tano, Faida akashika mdomo.

Kinu kilikuwa kimeondoka. Palikuwa na ngoma.

Shida moja. Kinu cha Faida kilikuwa na ufa chini. Ukishusha sauti, unashusha pia na ule ufa, na mwisho wa pigo ukawa unasikika, "zzz", kama nyuki amefungiwa kwenye chupa. Nikaukata mkia. Nilipoukata sana, pigo likawa kama mlango unaofungwa, halina uhai. Nikarudisha kidogo. Nyuki akarudi kidogo. Mwisho nikasema, nyuki abaki.

Faida alisema hakuna nyuki. Kinu chake kizima.

Jumamosi nikamrekodi Zayina upya, katikati ya soko, wauza viazi wote wamenyamazishwa na yeye mwenyewe: "Nyamazeni, niko kazini!" Makofi nikayapata kwa bamama. Yakabaki mabuye.

Yale madogo sikuyaamini kwa Misa ya masaa mawili na nusu. Marehemu mume wangu, Fabiyani, alikuwa anafanyia radio yetu kitu fulani, nikakikumbuka. Nikakata mwanzi, nikaupasua, nikapanga ndani mabuye makubwa sita ya tochi, yanafuatana kichwa kwa mkia, nikafunga kwa mpira wa baiskeli, nikatoa nyaya mbili mpaka kwenye mashine. Sita madogo na sita makubwa nguvu yake ni ileile, tumbo ndilo linatofautiana. Na safari hii niliunganisha mwanzi kwanza, ndipo nikatoa madogo. Namba nyekundu hazikupepesa hata.

Kijana wa sampler, hapo umeandika?

Jumapili.

Mashine niliiweka juu ya kigoda, nikaifunika kitambaa cheupe, nyuma ya mgongo wa Beata kwa sababu Beata alikuwa mpana. Waya ukaenda kwenye kipaza sauti cha kanisa. Bamama wamevaa kitenge kimoja. Spesioza alikuwa anarudi nyuma, Imakulata akamkanyaga mguu.

Nikaingiza vidole chini ya kitambaa. Nikabonyeza Faida.

Wakuu. Ile ngoma ilitoka kwenye vipaza sauti ikashuka mpaka kwenye mabenchi. Nikaona vichwa vinageuka, kushoto, kulia, nyuma. Walikuwa wanatafuta mwanaume.

Hakuwepo. Walikuwepo bamama kumi na mmoja, na mmoja wao ana mikono chini ya kitambaa.

Imakulata akaanzisha, tukapokea. Wimbo wa kuingia ukapita. Utukufu ukapita. Ilipofika matoleo nikaweka Faida wa chini, Faida wa juu na Zayina katikati. Zayina hakuingia kanisani, ni Mwislamu, lakini ungo wake uliingia na ukatembea mpaka altareni. Wakaleta maharage, wakaleta sambaza, wakaleta mchele, wote wanacheza, na padri naye bega moja linamponyoka. Nilimwangalia Spesioza. Alikuwa anaimba kwa mdomo wazi kabisa, macho yamefumbwa, yule aliyemaliza mwaka bila kuimba jikoni.

Hapo ndipo nikasema moyoni: Koleta, uko na masikio.

Baada ya Misa, uani, Papa Anasitazi akaja na watu wawili wa kamati. Uso wake haukuwa na hasira, ila ulikuwa unatafuta.

"Maman Koleta. Hii ngoma ni ya wapi? Ngoma zote za hapa nazijua. Hii haiko ya hapa. Nani alipiga?"

Faida alikuwa kando yangu. Alianza kuangalia vidole vya miguu yake kama vile ameviona leo. Watu wakasimama kusikiliza. Nilijua nikisema kinu, kicheko kitaanzia pale kifike Bugarama, na wale bamama watano watakisikia kila wakipita barabarani. Nikisema ngoma, nimedanganya nikiwa nimetoka kukomunika, Ekaristi bado iko mdomoni.

Nikafungua mdomo bila kujua kitakachotoka.

"Ni yangu."

Sauti ilitoka nyuma yetu. Mzee Gasipari. Suruali ina vumbi mpaka magotini, daraja lilikuwa limefunguliwa asubuhi naye akaja kwa miguu, akafika wakati wa matoleo, akasimama mlangoni. Ncha za mirisho zilikuwa zinachungulia kwenye koti.

"Anasitazi, mukono ya Gasipari umeisahau? Mbio hivyo?"

Papa Anasitazi akavua kofia. "Mzee. Pardon. Kumbe mukono ilipona."

"Unasikia mwenyewe."

Wakapeana mikono, ule wa kushoto. Watu wakapiga makofi. Anasitazi akamwambia Imakulata, mbele ya wote, "Na Noeli muimbe ninyi." Kisha akaondoka na utaratibu wake.

Nikabaki na aibu. Nilidhani Mzee amesikia pigo lake, lile la tisa, na sasa anajivunia kitu ambacho mimi nimekifuta juu ya bati kama mjinga. Nikaanza, "Mzee, iko kitu sikukuambia..."

Akaniinamia sikioni. Alinuka vumbi la njia.

"Kinu ya Faida iko na ufa, chini, upande moja. Aifunge waya mbele ya Noeli ifike."

Akamgeukia Faida, akasema polepole, kama muntu anaongea na wa kazi moja naye. "Na mutwangio unainua juu sana. Acha ianguke yenyewe. Utaumia bega kama mimi."

Akaenda kumtafuta Maman Veronika amwambie mtoto amezaliwa ni msichana.

Noeli tuliimba. Pasaka tuliimba. Mzee Gasipari alikuwa anakaa benchi la mbele, na kila muntu akimsifu mkono alikuwa anaitika kwa kichwa. Hakusema ukweli kwa yeyote, na sisi hatukusema. Amelala sasa, Maman Veronika naye, na Imakulata. Mwanamke kupiga ngoma si kitu cha kushangaza tena siku hizi, nimewaona kwa macho yangu wanapiga mpaka vumbi linainuka. Kwa hiyo naona naweza kusema jina la muntu aliyepiga Misa ile. Anaitwa Faida. Alipiga kwa mchi, sombe ikiwa nusu.

Nilichojifunza, wakuu: mashine ndogo haikunyimi kitu, inakuuliza tu unataka nini hasa. Kama una nafasi ya pigo moja, utapanda kilima kutafuta pigo moja zuri. Wenye nafasi kubwa hawapandi kilima.

Na mabuye usiyatoe yote. Hata kama mama yako alifanya hivyo.

Mashine bado ninayo. Tangu siku ile haijakaa hata dakika moja bila nguvu, kwanza mwanzi, baadaye umeme. Faida wa juu na Faida wa chini wamo ndani, na nyuki wao. Papa Roje, kama uko humu, au mtoto wako yuko humu, masini yako iko salama, uje uione.

Wewe kijana uliyetaka kuuza: usiuze. Niambie kwanza, nyumbani kwenu kuna kitu gani kinacholia? Mlango? Jiwe la kusagia? Shangazi? Na ninyi wengine mwenye sauti ya ajabu aliyowahi kuigeuza ngoma, aiweke hapa tumsikie. Mwenye kubisha pia karibu, bibi hachoki.

Naongeza hili moja, maana nimelazimishwa. Faida mwenyewe amekaa hapa kando yangu, Divine amemsomea yote. Sifa zote amezipokea bila kukataa hata moja. Ila amesema niandike, na nisitoke kwenye simu mpaka nimeandika: kinu chake hakikuwa na ufa.

Kilikuwa nao, wakuu.